Orodha Ambayo Bado Hatujaiandika

Swali lilikuwa la saba kwenye fomu: "Je, wewe ni kilema? Ndiyo/Hapana." Mama aliyeulizwa alikuwa ameketi kwenye benchi, fimbo yake ameiegemeza ukutani, mguu wa kushoto ameunyoosha kama anavyounyoosha siku zote. Alimtazama kijana aliyeshika simu, akasema bila hasira, "Mwanangu, andika hapana. Mimi ni mkulima."

Kijana akaandika hapana.

Hiyo ilikuwa Mbuji, juu katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, msimu wa kuchuma kahawa. Aliyeshika simu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayejifunza kuandika programu za kompyuta mjini. Likizo ile alikuwa akijaribu programu yake ya kuandikisha wakulima: nani ana mibuni mingapi, nani analima mashimo ya ngoro upande gani wa mlima, nani anahitaji mbolea ifikishwe nyumbani kwa kuwa hawezi kushuka hadi ghalani. Swali la saba liliwekwa kwa ajili ya hao wa mwisho. Mama yule ndiye hasa aliyekusudiwa, na ndiye aliyetoka kwenye hesabu, kwa sababu ya neno moja.

Jioni, tukiwa jikoni tunaota moto, nilimweleza. Alishtuka. "Mjomba, mbona nimeweka kikaguzi cha lugha?" Akafungua kompyuta akanionyesha. Kila anapopeleka msimbo mpya kwenye hazina ya mradi wake, mashine huusoma mstari kwa mstari, ikatafuta maneno yanayodhalilisha watu, kisha ikaweka alama ya kijani au nyekundu. Yake ilikuwa kijani tupu. Kikaguzi kilikuwa kimepita juu ya neno "kilema" mara nne bila kusimama. Kilifundishwa Kiingereza tu.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu usiku ule, na nimefika mahali ambapo naona si dogo. Programu ndizo zinazotuuliza siku hizi: hospitali, benki, shule, ofisi ya kijiji, chama cha ushirika. Zamani karani akikosea neno, ungeweza kumsahihisha, na kesho akauliza vizuri. Neno likishaingia kwenye programu linaulizwa vilevile Mbuji, Bukoba na Mkoani, mara elfu kwa siku, na hakuna wa kumwambia "samahani, hapo umekosea."

Vikaguzi vyenyewe si vitu vya ajabu. Kimoja kiitwacho alex kilitoka mwaka 2015. Kipo kingine, woke, na kipo Vale, ambacho humwachia mwenye mradi aandike kanuni zake mwenyewe. Ukivifungua ndani hukuti akili yoyote ya kutisha. Unakuta faili la maandishi ya kawaida, mfano wa daftari la mwalimu: neno lisilofaa, sababu ya kutofaa, neno la kuweka mahali pake, na uzito wa kosa, yaani onyo tu au kizuizi. Mwandishi wa programu akikosea, baada ya sekunde chache anaambiwa mstari fulani una neno fulani, jaribu hili. Ni kazi ya mhariri msaidizi asiyechoka, asiyekuwa na upendeleo wala haya. Kwenye mradi wenye waandishi kumi walio miji mitano, hilo ni msaada mkubwa, kwa kuwa kumkosoa mwenzako juu ya lugha ni jambo linaloumiza nafsi, na watu wengi huacha lipite.

Katika Kiingereza, vilikozaliwa, kuna maneno mawili yaliyochochea mjadala kuliko yote: "master" na "slave". Mafundi wetu wa zamani wanayajua vizuri. Ulipofunga diski mbili kwenye waya mmoja, ulihamisha kipini kidogo nyuma ya diski ili moja iwe "masta" na nyingine "slevu". Baadaye hifadhidata zikafuata mtindo huohuo: moja inaamuru, nyingine zinanakili. Mwaka 2003 Kaunti ya Los Angeles iliwaomba wauzaji wake wa vifaa waachane na maneno hayo, na wengi waliona ni kituko. Mwaka 2014 mradi wa Django ukayaondoa, 2018 ikaja zamu ya lugha ya programu ya Python. Kisha Mei 2020 George Floyd, Mmarekani mweusi, akauawa na polisi mjini Minneapolis, na suala lililokuwa likisuasua likaenda mbio. Julai mwaka huo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikubali kanuni mpya ya maneno ndani ya mfumo huo. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2020, GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo, ikaanza kuita tawi kuu la kila mradi mpya "main" badala ya "master".

Nimewasikia vijana wetu wakisema hayo ni mambo ya Wamarekani, na sisi tusijitwishe mzigo wa wenzetu. Ningependa mwenye kusema hivyo ashuke nami kutoka Mbuji hadi ufukweni, asimame Mbamba Bay, alitazame Ziwa Nyasa. Nchi hii ya ziwa ndiyo iliyolisha njia ya kusini ya misafara ya watumwa. Watu walikamatwa pande hizi za Nyasa, wakafungwa, wakatembezwa hadi Kilwa Kivinje, na kutoka huko wakasafirishwa kwa majahazi hadi Unguja. Soko la Unguja lilifungwa kwa mkataba alioutia saini Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873, chini ya shinikizo la Waingereza, na kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini limejengwa palepale soko lilipokuwa. Bara, sheria iliyofuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922. Na hizo ngoro za Wamatengo tunazojivunia, mashimo yaliyopangwa mteremkoni kama sega la nyuki, zinasimuliwa pamoja na habari ya watu waliobanwa juu milimani wakikimbia uvamizi wa Wangoni katika karne ya 19, wakalazimika kulisha watu wengi kwa ardhi yenye mwinamo mkali. Kumwambia mtu wa hapa kwamba neno "slave" ni la watu wengine ni kutoijua historia ya mlima anaoulima.

Kwa hiyo orodha ya Kiingereza siipingi. Ninachosema ni kwamba haitoshi, na hata ukiitafsiri neno kwa neno haitakuwa yetu.

Chukua hilohilo neno mtumwa. Ukiiambia mashine isimame kila inapoona herufi t-u-m-w-a, italia usiku na mchana, kwa maana kila simu nchini inasema "ujumbe umetumwa", "pesa zimetumwa", "fomu yako imetumwa". Mtumwa wa Kiswahili ni mtu anayetumwa pasipo hiari. Mzizi huo umezaa mtume, umezaa mtumishi, na kupitia kutumia umezaa mtumiaji, ndiye huyuhuyu anayeishika programu mkononi. Kiswahili kimewaweka wote nyumba moja, na kikaguzi lazima kiwajue kwa majina. Halafu ukifika Unguja utawakuta akina mama wenye jina la Mtumwa, walilopewa na wazazi wao kwa mapenzi. Programu itakayomkatalia Bi Mtumwa kujiandikisha kwa jina lake imemdhalilisha kuliko neno lolote ililodai kumkinga nalo. Jambo la namna hii limekwishatokea: mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kufungua akaunti za kampuni ya intaneti ya AOL kwa sababu ndani ya jina la mji wao mashine iliona herufi za tusi.

Mpwa wangu alidhani dawa ni kuongeza neno "kilema" kwenye faili, basi. Tukaanza kuhesabu mitego. Kilema ni mahali kwenye mlima Kilimanjaro, penye misheni kongwe na hospitali. Lema ni jina la ukoo wa Kichaga. Bubu ni mto mkoani Dodoma. Mzizi huohuo wa lema unatoa ulemavu, neno ambalo sheria yetu inalitumia na ambalo hatutaki liwekewe alama nyekundu. Kiswahili hubeba viambishi mbele na nyuma, kwa hiyo neno moja hujitokeza kwa sura nyingi: kilema, vilema, aliyelemaa, waliolemazwa. Kiingereza kinaweza kuridhika na orodha ya maneno makavu. Sisi tunahitaji ruwaza zinazotambua mipaka ya neno, na pembeni yake orodha ya pili, ya majina ya mahali na ya watu yanayoruhusiwa kupita.

Hayo ni ya ufundi, na ufundi una dawa. Ugumu hasa uko kwingine: nani ana haki ya kusema neno hili linaumiza na lile haliumizi?

Wapo wanaotaka kumaliza suala kwa sarufi. Wanasema kosa limo kwenye ngeli: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, wote wamepangwa KI-VI pamoja na kiti na kijiko, na mtu apandishwe kwenye ngeli ya watu. Hoja ina nguvu yake, na niliiamini kwa muda mrefu. Lakini kiongozi naye yumo KI-VI, na kijana, na kinyozi, wala hawalalamiki. Angalia pia wenyewe walivyoamua. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinalibeba neno viziwi mbele ya jina lake. Wanalolikataa ni bubu, kwa maana wao si watu wasio na lugha. Wanayo, ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Wenzao wa macho wamechagua kuitwa wasioona. Watu wenye ualbino wamekataa zeruzeru, neno lililobeba dhana ya mzimu, na hata albino lenyewe linazidi kuachwa, ili mtu atangulie na hali yake ifuate. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetangulia kumtaja mtu namna hiyohiyo. Makundi matatu, njia tatu. Hakuna kanuni ya ngeli itakayokupa majibu hayo ukiwa umejifungia ofisini. Ni lazima uwaulize.

Kwa neno zeruzeru sina subira kabisa, na msomaji aniwie radhi. Tunajua yaliyotendeka nchini mwetu, watu wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, watoto wakilala kwenye shule za bweni ili wabaki hai. Maneno yalisaidia kazi hiyo. Mtu aliyekwishaitwa mzimu hahesabiwi kuwa amekufa, husemwa ametoweka tu. Na lipo neno la mtaani lililo baya zaidi, ambalo kikaguzi hakitalikamata kamwe: dili. Kwenye programu ya kununua na kuuza, dili ni biashara nzuri. Likisemwa nyuma ya mtu mwenye ualbino anayepita njiani, ni tishio la kifo. Herufi ni zilezile nne. Ndiyo maana simwamini anayetuahidi kwamba mashine itatusafishia lugha. Mashine inashika neno, haishiki jicho la msemaji.

Inachoweza kushika, hata hivyo, ni kingi, na kimoja kilinishangaza. Nilimwomba mpwa wangu afungue mafaili ya maneno ya Kiswahili yaliyokuja na maktaba alizopakua, yale maandishi ya vitufe na matangazo ambayo mtu hupewa tayari yametafsiriwa. Tukakuta "lemaza". Lemaza arifa. Lemaza akaunti. Kipengele hiki kimelemazwa. Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza "disabled", linalotumika kwa mtu mwenye ulemavu na kwa kitufe kilichozimwa, akalifuata kwa uaminifu hadi shimoni. Kiswahili hakikuwa na shida hiyo hata kidogo. Tunazima taa, tunafunga bomba, tunasitisha huduma. Hakuna Mmatengo aliyewahi kulemaza redio. Sasa mtu anayetembea kwa fimbo anafungua simu na kusoma kwamba kitu kisichofanya kazi kimelemazwa, yaani kiko kama yeye. Neno hilo limeenea kwenye tafsiri za programu, na hakuna kikaguzi cha Kiingereza kitakachoonyesha kwamba kuna tatizo, kwani hakisomi Kiswahili.

Inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba kazi ya kuvisha kompyuta Kiswahili ilianza mapema na kwa uangalifu. Desemba 2004 mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na watu waliketi kujadili istilahi moja moja kabla ya kuziweka kwenye menyu. Siku hizi maneno yanapakuliwa kwa maelfu, na aliyepakua hana muda wa kuyasoma.

Tulipokuwa tukipekua tulipata mengine, mepesi lakini ya kweli. Fomu ilikuwa na nafasi ya "Jina la mke". Maana yake mkulima ni mwanamume kabla hajajibu, katika nchi ambayo kahawa nyingi huchumwa na mikono ya wanawake. Likawa "Jina la mwenza". Kulikuwa na "mwathirika wa ukimwi" kwenye faili la majaribio. Watu wenyewe wanasema wanaishi na VVU, na kuishi ndiko wanakokusisitiza. Kulikuwa na "kichaa", ambalo mwandishi mmoja aliliweka kama jina la faili linaloleta matokeo yasiyotabirika. Hakuna aliyekusudia ubaya katika yote hayo. Ndiyo sababu ya kuweka mlinzi.

Asubuhi yake tulirudi kwa mama. Mpwa wangu alimwamkia, akaketi kwenye kigoda chini yake, akauliza kama inavyompasa kijana kuuliza: "Mama, ningekuulizaje jana?"

Akafikiri. "Uniulize kama naweza kushuka ghalani na kupanda na mfuko."

Sikuongeza neno. Huyu mama alikuwa amefika kwa njia yake mahali ambapo wataalamu wa takwimu wa dunia walifika kwa miaka ya vikao. Kundi la Washington, lililoanzishwa mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, lilitunga maswali mafupi sita ambayo hayamuulizi mtu yeye ni nani. Yanamuuliza anachokiona kigumu: kuona hata akivaa miwani, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Sensa zetu za 2012 na 2022 zilifuata njia hiyo. Sababu yake haikuwa adabu peke yake. Waligundua kwamba ukimuuliza mtu kama ni mlemavu mara nyingi atakuambia hapana, na takwimu zako zitakuwa za uongo. Swali la saba la Mbuji lilikuwa kosa la heshima na kosa la hesabu kwa pamoja, na hayo mawili hayakutengana.

Hapo ndipo kikaguzi kinapopata kazi yake sahihi. Kikikuta neno kwenye maandishi ya maelezo, kipendekeze mbadala. Kikilikuta ndani ya swali, kisipendekeze neno. Kiseme: swali hili liandikwe upya, waulize wahusika. Mpwa wangu aliweka kanuni ya namna hiyo siku ileile. Alianza na maneno tisa tu, yote katika daraja la onyo, na akaanza na maandishi yanayosomwa na mkulima kabla ya kugusa majina ya ndani ya msimbo, ambayo ukiyabadilisha ovyo programu inavunjika. Mwandishi akiwa na sababu ya kulitumia neno, kwa mfano ananukuu jina la hospitali ya Kilema, anaweka alama ya ruhusa kwenye mstari na kueleza kwa nini. Kila kanuni ina safu ya ziada ambayo sikuiona kwenye vikaguzi vya Kiingereza alivyonionyesha: nani aliulizwa. Neno bubu haliingii mpaka kiziwi aliyeulizwa ajulikane ametoka chama gani na lini. Bila hiyo, tutaishia kuwa mafundi tunaokisia maumivu ya wengine.

Najua wapo watakaosema tunawafunga waandishi midomo. Nimeusikia woga huo kwa watu ninaowaheshimu, nao una msingi pale orodha inapoandikwa na wachache na kulazimishwa kwa kufuli. Orodha inayoonekana na wote, yenye sababu kando ya kila neno na mlango wa kuipinga, haimfungi mtu. Kamusi nayo ni orodha, na hatujaiita jela.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ambalo tangu 1967 ndilo lenye dhamana ya istilahi, liketi na vyama vya watu wenye ulemavu vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, na walimu wa programu wa vyuo vyetu, litoe faili moja la wazi, la bure, ambalo mwandishi yeyote wa programu aliyeko Mbinga, Mombasa au Muscat atalipakua na kuliweka kwenye mradi wake kwa dakika kumi. Maneno hamsini ya kuanzia yatatosha.

La pili ni kwako wewe unayeandika programu za Kiswahili. Usisubiri barua ya baraza. Leo hii fungua faili la maneno ya mradi wako, tafuta "lemaza", na uandike "zima".